Kutafuta rangi za vuli Houston: shajara ya uzio na ukuta

18 Februari 2023

Tumehamia nyumba hii ya Houston, Texas, Desemba, na ua wa nyuma ni mtupu. Kuna nyasi, uzio wa mbao wa futi sita upande wa kaskazini, na ukuta wa nyumba wa matofali ya kuchoma unaotazama magharibi. Mti ni mmoja, mwaloni wa kusini, ambao hukaa na majani mabichi baridi yote na kuyaangusha mwezi wa tatu, wakati mapya yanayasukuma yatoke.

Novemba iliyopita binti yangu alipewa kazi ya shule: akusanye majani yenye rangi za vuli, yale yanayogeuka manjano na mekundu kabla ya kupukutika, ayabandike kwenye karatasi. Tulizunguka mtaa mzima tukarudi na majani manne ya kahawia. Akaniuliza, "Mama, rangi zenyewe ziko wapi?" Sikuwa na jibu, na swali lile limenikaa moyoni mpaka leo.

Mimi nimekulia Tanga. Uani kwa bibi palikuwa na mkungu, na kila kiangazi majani yake yaliiva: mengine manjano, mengine mekundu ya damu ya mzee, makubwa kuliko kiganja. Tulipocheza baba na mama, hayo ndiyo yalikuwa sahani zetu. Kwa hiyo nchi ya joto haininyimi imani ya majani mekundu, nimeshayaona. Ninachotaka ni kuyapata hapa, kwenye latitudo ya nyuzi 29 na ushei kaskazini, katika jiji ambalo Novemba bado unatoka na kandambili.

Miti itanichukua miaka na eneo sina. Nimeamua kwenda na mimea itambaayo. Inapanda ukuta, haili ardhi, na baadhi yake ni mashuhuri kwa rangi kuliko hata miti.

4 Machi 2023

Nimepanda. Mimea minne ya aina tatu, yote kutoka kitalu kimoja.

Ya kwanza ni Parthenocissus quinquefolia, ambayo watu wa hapa huiita kwa jina la jimbo la Virginia. Ni mzaliwa wa mashariki ya Marekani, na Texas hii hii inajiotea yenyewe porini. Jani lake lina vijani vitano vilivyotoka kwenye kikonyo kimoja, kama mkono uliokunjuliwa, kwa hiyo humu nitaiita Vidole Vitano. Nimepanda miwili: mmoja kwenye uzio, mmoja ukutani.

Ya pili ni ndugu yake, Parthenocissus tricuspidata, yenye jani moja la ncha tatu. Inaitwa kwa jina la mji wa Boston lakini kwao ni Japani, Korea na China. Ndiyo inayofunika ukuta wa mwisho wa eneo la kuchezea katika uwanja wa besiboli wa Wrigley Field kule Chicago, iliyopandwa mwaka 1937. Hiyo nimeiweka ukutani.

Ya tatu, Bignonia capreolata, haipukutiki. Ukikata shina lake kwa upande unaona alama ya msalaba ndani, na ndilo jina nililoipa. Wanasema majani yake hugeuka zambarau baridi ikiingia. Iko kwenye kona ya uzio, karibu na geti.

Udongo umenichosha kuliko kazi yote. Ni mfinyanzi mweusi. Ukilowa unanata kwenye chepeo kama ugali wa muhogo, ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza vidole. Nilichimba shimo, nikalijaza maji, nikaenda kupika. Baada ya saa nne maji yalikuwa bado yamesimama nusu shimo. Ukijaza mboji kwenye shimo la namna hiyo unakuwa umetengeneza beseni la kuozeshea mizizi. Nimefukia, nikainua matuta ya sentimita 20 kwa mchanganyiko wa udongo ule ule na mboji, na mimea nimeipanda juu ya tuta.

Ukuta wa magharibi niliuchagua kwa makusudi. Kila ninachosoma kinasema jua ndilo linaloleta wekundu, na hakuna mahali penye jua kali uani kuliko pale.

27 Agosti 2023

Leo kipimajoto cha jiji kimefika nyuzi 42.8. Ni rekodi ya Houston ya miaka yote, na ni mara ya pili wiki hii kuifikia, baada ya tarehe 24. Mvua hakuna. Boston ya ukutani imeungua kingo za majani, zimekuwa za kahawia na zinavunjika ukizigusa, kama bajia. Vidole Vitano cha ukutani kimeangusha theluthi ya majani yake. Cha kwenye uzio kimesinyaa mchana lakini kikiamka asubuhi kimesimama.

Nimetandaza matandazo ya magome ya msonobari, unene wa sentimita nane, bila kugusa mashina. Mpira wa matone naufungua alfajiri, saa nzima, mara mbili kwa wiki. Jani likiungua Agosti halina cha kuonyesha Desemba. Kwa hiyo kazi ya rangi inafanyika sasa, kwenye joto hili, na kazi yenyewe ni kuyafikisha majani salama.

24 Septemba 2023

Mvua kidogo. Niliihurumia mimea nikaipa mbolea yenye naitrojeni nyingi. Imechipua vizuri sana, majani ya kijani kilichokolea.

9 Desemba 2023

Nimejifunza kwa gharama kwamba ile mbolea ya Septemba ilikuwa kosa. Mmea unaojiandaa kulala nimeuambia uamke uendelee kukua. Ukutani kote kumebaki kijani hadi wiki iliyopita, kisha majani yakaenda kahawia moja kwa moja. Rangi hakuna.

Lakini uzioni! Kile Vidole Vitano kidogo, kisichofika hata mita mbili, kimewaka. Kimekuwa chekundu cha pilipili mbivu, na mishipa ya jani bado ina ukijani. Kilipata mbolea ile ile, kikamwagiliwa maji yale yale. Nimekaa mbele yake na kikombe cha chai mpaka chai ikapoa.

Nilichomoa jani moja nikaliangalia kwenye mwanga wa dirisha. Sehemu iliyokuwa imefunikwa na jani jingine imebaki ya manjano, na mpaka wa kivuli umechorwa wazi kabisa, kama alama ya saa mkononi mwa mtu aliyeshinda juani. Hapo nikaelewa jambo ambalo nilikuwa nimelisoma tu bila kulishika.

Manjano na wekundu vina asili mbili. Umanjano ni wa karotenoidi, ambazo zimo ndani ya jani mwaka mzima. Klorofili, ile rangi ya kijani, huwa imezifunika. Siku zikifupika mmea unaacha kutengeneza klorofili mpya, iliyopo inavunjika, na manjano yaliyokuwa chini yanajitokeza. Wekundu ni wa anthosianini, na huo kwa sehemu kubwa unatengenezwa upya wakati ule ule jani linapokaribia kufa, kwa kutumia sukari iliyobaki ndani yake, na lazima pawe na mwanga. Kivuli hakina wekundu. Jani langu lilikuwa limeandika habari hiyo lenyewe.

Kwa hiyo jua linahitajika kweli. Sasa kwa nini ukuta wenye jua kali kuliko uzio haukutoa kitu? Joto la Agosti lina sehemu yake, na mbolea pia. Lakini nahisi kuna jingine. Taa ya baraza nayo inamulika ule ukuta usiku kucha, na mwanga wa taa unajulikana kuchelewesha majani kupukutika. Kuanzia leo naizima saa tatu.

17 Januari 2024

Baridi ya kugandisha. Mabomba tumeyafunga matambara. Mimea miwili ya Vidole Vitano na Boston imekwisha pukutika, imelala, haina wasiwasi. Msalaba umegeuka zambarau ya biringanya upande wa juu wa majani, chini bado kijani. Haya si mauti ya jani: joto likirudi linarudi kijani na kuendelea na kazi.

Idara ya Kilimo ya Marekani ilitoa ramani mpya ya kanda za baridi Novemba, na sehemu kubwa ya Houston sasa imo kwenye 9b, maana yake wastani wa usiku wa baridi kuliko zote kwa mwaka ni kati ya nyuzi 4 na 1 chini ya sifuri. Tunazidi kusogea upande wa joto. Nadhani watu wengi zaidi watahitaji kujua mambo haya ya rangi bila baridi kali.

14 Aprili 2024

Jambo la hatari, nataka liandikwe vizuri.

Chini ya uzio imeota michipukizi ambayo nilidhani ni watoto wa Vidole Vitano. Ilikuwa na vijani vitatu vitatu. Vidole Vitano kikiwa kichanga nacho hutoa vijani vitatu mara nyingine, kwa hiyo nilikaribia kuihamishia kwenye makopo kwa mikono mitupu. Mzee wa nyumba ya pili aliniona juu ya uzio akanipigia kelele niache.

Ulikuwa mmea wa sumu, Toxicodendron radicans. Una mafuta yanayoitwa urushioli kwenye majani, shina na mizizi, hata baridi ukiwa hauna majani, na ukiyagusa ngozi inavimba malengelenge kwa wiki mbili au tatu. Ni wa familia moja na mkorosho na mwembe. Aliyewahi kuchoma korosho na ganda likamrushia mafuta yake mkononi anajua nazungumzia nini.

Na vuli nao unakuwa mwekundu, tena mwekundu mzuri sana. Ndiyo maana nasisitiza. Angalia hivi: kijani, yaani jani dogo, cha katikati kina kikonyo kirefu kuliko vile viwili vya pembeni. Shina lililokomaa lina manyoya ya mizizi midogo ya kushikia mti. Vidole Vitano hakina manyoya, kina vikono vyenye vibandiko mwishoni. Mmea huo wa sumu usiuchome moto kwa hali yoyote, moshi wake unaumiza mapafu. Niliung'oa kwa glavu ndefu, nikauweka kwenye mfuko wa taka, na nguo nikazifua peke yake.

Vidole Vitano nacho hakiliwi. Matunda yake ya buluu iliyokoza ni chakula cha ndege, kwa binadamu ni sumu, na utomvu wake unaweza kuwasha. Binti yangu nimemwonyesha na akanirudishia maneno yangu yote kabla sijamwacha aende.

13 Julai 2024

Umeme umerudi leo, siku ya tano. Kimbunga Beryl kilipita Jumatatu tarehe 8, na nyumba na biashara zaidi ya milioni mbili za eneo hili ziliingia gizani. Sisi tuko salama, alhamdulillahi. Tawi la mwaloni limeangukia ua. Vipande viwili vya uzio vimelala chini.

Vipande hivyo vimelala na Vidole Vitano kikiwa juu yake, kimeng'ang'ania. Nguzo zimevunjika, misumari imetoka, mmea haujabanduka hata tawi moja. Nilipiga magoti kuangalia. Kila kikono kina matawi madogo matano hadi manane, na kila tawi likigusa mbao ncha yake inavimba, inakuwa kitu chekundu bapa, kama vidole vya mjusi kafiri kwenye kioo. Baadaye kikono kinajikunja kama springi, na ndiyo maana upepo ukivuta hakikatiki. Mwanasayansi Darwin aliupima mmea huu karne ya 19: tawi moja tu la kikono alichokadiria kuwa na umri wa angalau miaka kumi lilibeba uzito wa ratili mbili, karibu kilo moja, na bado lilikuwa linanyumbuka.

Hiyo hiyo ndiyo hasara yake. Ukikibandua ukutani kinaacha alama, kinaweza kuondoka na rangi. Kwenye matofali mazima hakidhuru, ila kama saruji ya katikati ya matofali imeanza kumung'unyika, au kuta ni za mbao zilizopakwa rangi, usikipande hapo. Na kisifike kwenye gata. Mimi nakata nusu mita chini yake kila miezi miwili wakati wa joto.

Jirani yangu mama wa Bukavu alikuja kutusaidia kuinua uzio. Akauangalia ukuta akaniambia, "Mama, hii majani itaharibu nyumba yako." Nikamwambia asubiri Desemba.

3 Novemba 2024

Mwaka huu sijaweka mbolea tangu Aprili. Maji sijapunguza, maana Oktoba yote tone la mvua sikuliona uani kwangu. Taa inazimwa.

Nimenunua vipimajoto viwili. Kimoja nimekitundika ukutani katikati ya majani, kingine kwenye uzio, urefu sawa wa kifua. Nitasoma saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijatoka.

Huko kwetu sasa ndiyo vuli yenyewe, ile ya mvua. Neno ni moja, miezi ni ile ile, na huku watu wanangoja majani yaanguke wakati Tanga watu wanangoja yaote.

24 Novemba 2024

Nina asubuhi ishirini kwenye daftari. Hakuna hata moja ambapo ukuta ulikuwa na baridi kuliko uzio. Tofauti ndogo ni nyuzi 2, kubwa ni nyuzi 6, na zile kubwa zote ni za siku ambazo mchana ulikuwa na jua bila wingu.

Jibu ndilo hili. Matofali yanakunywa jua la alasiri yote na usiku yanalitoa polepole. Ukiweka kiganja pale saa mbili usiku unasikia kabisa uvuguvugu. Jani lililolala juu yake halijui kama kumekuwa baridi. Jani nalo hupumua usiku, na kadiri kunavyokuwa na joto ndivyo linavyochoma sukari yake, ile ile ambayo ingetengenezewa wekundu. Kwa rangi inatakiwa mchana wa jua na usiku wa ubaridi usiogandisha. Uzio unavyo vyote: ni mbao nyembamba, una hewa mbele na nyuma, usiku unapoa mara moja.

Na jua halijaupungukia. Hili mtu wa ikweta halimjii haraka. Kwetu jua linapita utosini, ukuta wa kaskazini na wa kusini yote ni ndugu. Hapa Desemba adhuhuri jua liko nyuzi 37 tu juu ya upeo, limelalia kusini siku nzima. Uso wa uzio unaotazama kusini unalipata tangu asubuhi hadi jioni, tena kwa kukabiliana nalo. Ukuta wa magharibi unangoja mpaka saa saba. Nilichagua mahali kwa kukumbuka jua la Agosti, wakati rangi inapikwa na jua la Novemba.

7 Desemba 2024

Njoo uone!

Uzio mzima, mita kumi na moja, umewaka kuanzia nguzo ya kwanza hadi geti. Chini mwekundu wa pilipili, juu umeelekea kwenye zambarau, na pale kivuli cha mwaloni kinapofika pana manjano na rangi ya embe dodo. Vikonyo vya majani ni vyekundu kuliko majani yenyewe. Na vinapukutika kwa namna yake: vijani vitano huanguka kwanza, kimoja kimoja, vikonyo vinabaki vimesimama siku kadhaa kama njiti za kiberiti, ndipo navyo vinaanguka. Asubuhi nilifagia nikawa nimejaza ungo. Sikuyatupa majani. Binti yangu amechagua ishirini, ameyabana kwenye kitabu cha simu cha zamani, na hakuuliza tena rangi ziko wapi.

Ukutani: Boston imetoa rangi ya shaba, nzuri, hafifu. Vidole Vitano cha pale kimekuwa cha zambarau chafu, kisha kahawia. Kwenye kona ya ukuta, pale panapotokeza nje ya nyumba na kupigwa na upepo pande mbili, kuna shada moja jekundu safi. Sentimita sitini tu. Linanithibitishia hesabu yote.

Mama wa Bukavu amesimama kwenye geti muda mrefu. Hakusema habari ya nyumba kuharibika. Alisema, "Mama, unipatie nayo kidogo."

21 Januari 2025

Theluji! Houston! Ua wote mweupe, sentimita nane kwa rula ya shule. Shule zimefungwa, barabara kimya. Kitu pekee chenye rangi ni Msalaba kwenye kona ya geti, zambarau ikitokeza chini ya weupe. Nimempigia mama Tanga kwa video nikamwonyesha. Akasema umefanana na majani ya mkungu yaliyolowa mvua.

16 Februari 2025

Leo nimefanya maamuzi nikayatekeleza kabla michipukizi haijaamka.

Boston inabaki ukutani. Rangi yake sitaitegemea, lakini ukuta uliofunikwa haukuwa wa kuunguza mkono Agosti iliyopita, na chumba cha nyuma tumekihisi nafuu. Kwa kivuli peke yake inastahili mahali pake.

Vidole Vitano cha ukutani nimekikata hadi sentimita thelathini na kukihamisha pamoja na bonge la udongo. Sasa kipo kwenye kichanja kipya cha waya na nguzo mbili za mbao, katikati ya ua, kinachotazama kusini na hewa kila upande. Vibandiko vimebaki kwenye matofali, mamia ya nukta nyeusi. Nimesugua kwa brashi ngumu, nusu zimetoka.

Vipando nimekata sita kutoka uzioni, kila kimoja urefu wa kalamu, vifundo vinne, viwili chini ya udongo na viwili juu. Nimevihesabia vijani na vibandiko tangu vuli ili nisimpelekee mtu sumu. Viko kwenye ndoo barazani kwa mama wa Bukavu. Uzio wake unatazama kusini, nimekwenda kuupima mwenyewe.